Mpira kuishia ziwani kila mara

Kaka, nimekuelewa: mazoezi ya gofu unafanyia uwanja wa Lugalo, Dar es Salaam, sasa umealikwa kwenye uwanja wa wanachama kando ya ziwa, na ukiona maji tu mikono inakukaza. Wengi hutumbukiza mpira kwa sababu fimbo waliyochagua haifikishi mpira mbali. Chukua fimbo namba 6 badala ya 7, inapeleka mpira mbali zaidi; lenga upande mpana wa grini (eneo la nyasi fupi lenye shimo), bendera iache. Mpira ukizama penye vigingi vyekundu vya kuonyesha mpaka wa eneo la maji, adhabu ni pigo 1: unaudondosha kutoka usawa wa goti, ndani ya urefu wa fimbo 2 toka ulipovukia mpaka, usisogelee shimo. Vya njano havina nafuu hiyo, unarudi nyuma. Tafadhali sana, usiingie majini kuufuata. Mikono ikikaza hata pasipo maji, muone kocha kabla ya safari.