Usiweke kikomo kimoja kwa mfumo mzima

Ninatunza mfumo wa kuagizia bidhaa unaotumiwa na wenye maduka wa Kongowea, Likoni na Mtwapa. Kwa yeyote anayetaka kudhibiti wingi wa maombi (kila mara simu inapoiomba seva kitu) kwenye mfumo kama huu, naomba sana: usitegemee anwani ya IP, yaani namba inayokitambulisha kifaa mtandaoni. Wengi hapa huingia kwa simu, na mitandao ya simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja. Ukiifunga kwa sababu ya mtundu mmoja, umewafungia na wasio na hatia, tena asubuhi wakiwa wanaagiza. Hesabu kwa akaunti. Ambaye hajaingia, hesabu kwa namba ya simu anayoiandika, na IP uiachie kikomo kipana.

Halafu angalia kila kazi inakula nini. Kutazama bei hakuna gharama kubwa, acha watu watazame. Kutuma msimbo wa kuingilia kwa SMS ni pesa, kila ujumbe unalipiwa. Mimi huruhusu mmoja kwa dakika, na mitano kwa siku kwa namba moja. Kuukagua msimbo nako kunahitaji kikomo chake. Wa tarakimu 4 una michanganyiko 10,000 tu, na programu isiyozuiwa huimaliza upesi. Mtu akikosea mara tano, msimbo wenyewe ufutwe.

Kitufe cha Lipa kina mambo yake. Mtandao ukizubaa, mwenye duka hubonyeza mara tatu, nne, mteja kasimama mbele yake. Huyo si mshambulizi, na kumkataa si dawa. Ipe kila oda namba yake. Ombi la pili lenye namba ile ile lipewe jibu la lile la kwanza, ili simu isiletewe ombi la PIN ya M-Pesa mara mbili.

Kuhesabu kwa dakika kamili kuna mwanya: kikomo kikiwa 60, mtu hutuma 60 dakika ikiisha na 60 nyingine ikianza, zote ndani ya sekunde chache. Ninapendelea ndoo ya tokeni, yaani ndoo ya vibali inayojazwa kidogo kidogo huku kila ombi likichota kimoja, na ikiwa tupu ombi linakataliwa. Ukiwa na seva zaidi ya moja, hesabu ikae mahali pamoja, kwa mfano Redis, hifadhi ya data ya haraka ambayo seva zote huisoma.

Ukikataa ombi, rudisha 429, namba ya jibu la HTTP inayosema maombi yamezidi, iliyowekwa kwa kazi hii mwaka 2012 katika waraka wa viwango vya intaneti RFC 6585, pamoja na Retry-After, inayosema asubiri muda gani. Na kwenye skrini usiandike "Hitilafu imetokea", maana mtu atabonyeza tena papo hapo. Andika: "Subiri sekunde 40, kisha ujaribu tena."