Barakoa shuleni: wazazi mnaovutana, anzeni na madirisha

Kikao cha wazazi kikifika kwenye ajenda ya barakoa za kujikinga na korona, dakika tano za mwanzo ndizo zinazoamua. Mwenyekiti akiuliza "nani anataka watoto wavae, nani hataki?", basi kikao kimeshaharibika. Mikono inanyooshwa, watu wanahesabiana, na tangu hapo mzazi hatetei tena afya ya mwanawe, anatetea mkono aliounyoosha mbele za watu.

Swali linalofaa ni jingine, na lipelekwe kwenye karatasi isiyo na jina, siku tatu au nne kabla ya kikao: "Unahofia nini kwa mtoto wako?" Majibu yakisomwa kwa sauti, ukumbi hutulia. Mmoja ana mtoto mwenye selimundu. Mwingine anaishi na mama mzazi anayetibiwa saratani. Mwingine mwanawe hasikii vizuri, anasoma midomo ya mwalimu, na barakoa ikifunika midomo ile somo limekwisha. Yupo pia anayehofia shule kufungwa tena kwa sababu hana wa kumwachia mtoto akienda kazini. Hofu hizi hazipingani. Mtu anaweza kuwa nazo zote nne, na mpango mzuri unaweza kuzijibu zote kwa kiasi kikubwa.

Kabla ya kuingia kwenye mpango, kuna jambo linalochochea ugomvi bila watu kulitambua: pande zote mbili huwa zimeshika karatasi za kweli. Agosti 2020, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri watoto wa miaka 5 na chini wasilazimishwe kuvaa barakoa, wa miaka 6 hadi 11 waamuliwe kulingana na hali ya maambukizi na uwezo wao wa kuivaa sawasawa, na wa miaka 12 kwenda juu wafuate utaratibu wa watu wazima. Wakati huohuo CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, ilishauri barakoa kuanzia miaka 2. Kwa hiyo mzazi wa mtoto wa miaka 4 anayesema "wataalamu wamesema avae" hadanganyi, na anayesema "wataalamu wamesema asilazimishwe" naye hadanganyi. Lisemeni hili kikaoni mapema, maana kuitana mwongo ndiko kunakovunja vikao.

Na tafiti nazo zisomwe kwa uzito wake, bila kuzibebesha zisichoweza kubeba. Ule mkubwa wa Bangladesh, uliotangazwa 2021, ulihusisha vijiji 600 na watu wazima zaidi ya 340,000. Kwenye vijiji vilivyogawiwa barakoa na kuhamasishwa, idadi ya waliougua kwa dalili na kuthibitishwa kwa kipimo cha damu ilipungua kwa takriban asilimia 9, na kwa barakoa za hospitali asilimia 11. Za kitambaa hazikuonyesha matokeo ya kueleweka. Lakini hata huko kwenye uhamasishaji, waliovaa ipasavyo walifika asilimia 42 tu, na hawakuwa watoto waliokaa darasani saa sita. Utafiti huu hauthibitishi kwamba barakoa ni kinga kamili, wala hauthibitishi kwamba ni takataka.

Uliowahusu watoto zaidi ulifanyika jimbo la Georgia, Marekani, mwishoni mwa 2020, katika shule za msingi 169. Shule zilizowataka walimu na wafanyakazi wavae barakoa zilikuwa na maambukizi pungufu kwa asilimia 37. Zilizoboresha mzunguko wa hewa, pungufu kwa asilimia 39. Zilizowataka wanafunzi wavae zilikuwa na pungufu ya asilimia 21, na tofauti hiyo haikuwa kubwa kiasi cha kuondoa uwezekano wa bahati tu. Somo la hapa wazazi wengi hulipita: wanagombania uso wa mtoto, ilhali uso wa mwalimu na dirisha la darasa ndivyo vilivyoonyesha tofauti iliyo wazi.

Tazama pia kisa kilichoandikwa kutoka Kaunti ya Marin, California, Mei 2021. Mwalimu ambaye hakuwa amechanjwa alikuja kazini siku mbili huku pua imeziba na mwili umechoka. Watoto wake 24 walivaa barakoa, madawati yalitengana karibu mita 1.8, milango na madirisha yalikuwa wazi, na mashine ya kuchuja hewa ilikuwa mbele ya darasa. Ila mwalimu alikuwa anaishusha barakoa yake anapowasomea watoto kwa sauti. Watoto 12 waliambukizwa. Safu mbili zilizo karibu naye, 8 kati ya 10. Safu tatu za nyuma, 4 kati ya 14. Tahadhari nyingi zilikuwepo, ila ile ya kwanza kabisa haikuwepo: mgonjwa hakubaki nyumbani.

Ndiyo maana mpango unaoweza kukubaliwa na wote huanza na mambo yasiyomdai mtoto chochote.

La kwanza ni mgonjwa kubaki nyumbani, na hili huanzia kwa mtu mzima. Kuandika tu "mwalimu mwenye dalili asije" hakutoshi. Ulizeni uongozi: nani atashika darasa lake siku hiyo? Mshahara wake utakatwa? Kama jibu la swali la pili ni ndiyo, atakuja na mafua yake, na hamtakuwa na haki ya kumlaumu. Kwa mtoto, andikeni dalili kwa majina: homa ya nyuzi 38 au zaidi, kikohozi kipya, kutapika, kuharisha. Arudi shuleni akiwa amekaa saa 24 bila homa na bila kupewa dawa ya kuishusha. Kipengele hicho cha dawa ndicho kinachosahaulika. Mzazi humpa mtoto parasetamo saa kumi na mbili asubuhi, homa inashuka, na saa nne inapanda tena akiwa dawatini.

La pili ni hewa, na hapa ningeomba kamati itumie muda mrefu kuliko pengine pote.

Virusi vya korona husafiri kwenye chembechembe ndogo sana zinazotoka tunapopumua, kuongea na kuimba, nazo huelea kwenye chumba kilichofungwa kama moshi wa sigara. Anayekuuliza kwa nini dirisha, mpe mfano huo wa moshi. Kupima hali ya darasa, nunueni kipima hewa ya ukaa kimoja cha kuzunguka madarasani. Hewa hiyo ndiyo tunayoitoa tukipumua, kwa hiyo ikijaa chumbani ni ishara kwamba pumzi za watu hazitoki nje. Nje, hewa ya ukaa huwa karibu sehemu 420 kwa milioni. Darasani, chini ya 800 ni vizuri, na ikipita 1,500 chumba hicho kinahitaji kushughulikiwa. Uingereza serikali ilipeleka vipima hivi shuleni kwa maelfu kuanzia 2021 kwa kazi hiihii.

Kosa la kawaida ni mahali pa kukiweka. Kikiwekwa kwenye kingo ya dirisha kitasoma hewa ya nje na kuwadanganya nyote. Kikiwa mbele ya pua ya mwalimu kitapanda bila sababu. Kiweke usawa wa kichwa cha mtoto aliyeketi, mbali na dirisha na mlango, angalau nusu mita kutoka kwa mtu yeyote, kisha soma namba dakika kumi za mwisho wa kipindi. Namba ya asubuhi kabla watoto hawajaingia haina maana.

Namba ikiwa juu, fungueni madirisha ya pande mbili zinazotazamana. Upenyo mdogo kila upande unaweza kushinda dirisha moja lililofunguliwa lote. Kama chumba kina dirisha upande mmoja tu, wekeni feni dirishani ikielekea nje, ivute hewa iliyotumika, na mlango uachwe wazi. Kukiwa na baridi, Ujerumani walitumia utaratibu rahisi: kila dakika 20 madirisha yanafunguliwa yote kwa dakika kama 5, kisha yanafungwa. Mpeni mwanafunzi mmoja zamu ya kukumbusha, maana mwalimu akishaanza kufundisha husahau bila kukusudia.

Penye madirisha yasiyofunguka, ndipo mashine ya kuchuja hewa inahitajika. Hesabu yake ni fupi. Darasa la mita 8 kwa 7 lenye kimo cha mita 3 lina mita za ujazo 168. Lengo linalopendekezwa ni hewa safi mara 5 kwa saa, yaani 840. Tafuteni kwenye boksi la mashine namba ya mita za ujazo inazosafisha kwa saa, lakini mjue kwamba namba hiyo ni ya kasi ya juu kabisa, na kwa kasi hiyo mashine hupiga kelele. Mwalimu ataipunguza siku ya pili, na siku ya tano ataizima. Heri mashine mbili za 600 zikiwa kasi ya kati kuliko moja ya 900 inayonguruma. Pasipo na fedha, kuna boksi lililobuniwa 2020 na Richard Corsi na Jim Rosenthal: machujio manne ya daraja la MERV 13 (MERV ni kipimo cha uwezo wa chujio kunasa chembe ndogo), feni ya mraba ya kama sentimita 50 juu ikipuliza kwenda juu, kadibodi chini, na selotepu pana kuziba kila mwanya. Mishale iliyochorwa kwenye machujio ielekee ndani ya boksi. Zibeni pia pembe nne za uso wa feni kwa kadibodi, la sivyo hewa hurudi ndani kupitia pembeni.

Angalizo moja: mashine ya kuchuja hukamata virusi lakini haigusi hewa ya ukaa. Chumba chenye mashine kinaweza kusoma 1,300 na bado kikawa na virusi vichache. Mzazi atakayekuja na kipima chake bila kulijua hili ataanzisha vita vipya.

Baada ya hayo ndipo barakoa ijadiliwe, nayo ijadiliwe kama mwavuli: ina siku yake ya kufunguliwa na siku yake ya kukunjwa. Andikeni masharti yote mawili kabla ya wimbi la maambukizi kuja, watu wakiwa watulivu. Mfano wa kuanzia mazungumzo: darasa la watoto 40 likiwa na watoto 4 au zaidi waliokosekana kwa homa au kikohozi ndani ya wiki moja, darasa hilo pekee na walimu wake wavae kwa siku 10, kisha hesabu irudiwe. Mnaweza kukubaliana juu ya 3 au 6, si neno. Kinachowafanya wasiopenda barakoa wakubali ni kuiona tarehe ya mwisho, na kinachowafanya wanaoitaka watulie ni kujua kwamba ikifika namba hiyo hakuna kikao kingine cha kubishana. Tajeni pia anayehesabu: mtu mmoja, kwa rejista ya mahudhurio, na namba ibandikwe mlangoni kila Ijumaa.

Wakati wa kukimbia na michezo, barakoa zivuliwe. Wakati wa kula zitavuliwa tu, kwa hiyo chakula kiliwe nje au kwa awamu. Darasa lililovaa asubuhi nzima kisha likabanana mezani nusu saa huku likipiga gumzo limepoteza sehemu kubwa ya faida. Mtoto anayesoma midomo, mwalimu wake avae barakoa yenye dirisha angavu mbele ya mdomo, na mtoto huyo asitakiwe kujieleza mbele ya wenzake.

Kama wengi wamekataa barakoa na mtoto wako ndiye mwenye afya dhaifu, bado una kazi ya kufanya. Barakoa inayobana vizuri humsaidia aliyeivaa hata akiwa peke yake. Barakoa rasmi za N95, zile zinazochuja chembe ndogo sana, zimetengenezwa kwa ajili ya watu wazima, kwa hiyo tafuta za aina inayokaribiana nazo, yaani KN95, KF94 au FFP2, za ukubwa wa mtoto. Mvalishe, bana waya wa puani kwa vidole viwili, mwambie apumue kwa nguvu. Ukihisi upepo mashavuni, au miwani yake ikafuka ukungu, haijakaa. Ya hospitali inaweza kubanwa: funga fundo kila kamba karibu kabisa na kitambaa, kisha kunja ndani ile pembe inayobaki wazi. Weka mbili za akiba kwenye bahasha ya karatasi, maana mfuko wa nailoni huhifadhi unyevu, na barakoa iliyolowa mate ibadilishwe. Kwa shule, ombeni kanuni ya sentensi moja: hakuna mtoto anayeulizwa kwa nini amevaa wala kwa nini hakuvaa.

Wazazi waliotengana wana mzigo wa ziada. Kama kuna amri ya mahakama, isomeni kwanza: chanjo kwa kawaida huhesabika kuwa uamuzi wa matibabu na huenda unahitaji ridhaa ya wote wawili, ilhali barakoa ya siku moja mara nyingi ni utaratibu wa kila siku wa aliye na mtoto. Njia inayofanya kazi ni kukubaliana kwamba shuleni kanuni ya shule ndiyo inayofuatwa, na kila nyumba ina utaratibu wake. Kinachopaswa kuvuka kutoka nyumba moja kwenda nyingine ni taarifa. Ujumbe wa siku ya kukabidhiana mtoto uwe mfupi na uleule kila wiki: "Joto 36.8, hana kikohozi. Jumatano alicheza na mtoto aliyekutwa na korona. Kipimo cha leo hakijaonyesha kitu, rudia Jumapili." Hakuna lawama, na hakuna swali lililotumwa kupitia mdomo wa mtoto. "Baba yako alikuvalisha?" ni swali la kuuliza mtu mzima, kwa simu, mtoto akiwa amelala.