Marimba ya mninga inayojipiga kwa MIDI: nilivyoijenga hapa Tabora

Mkuu, umeuliza kama kinanda cha kwaya yenu chenye tundu la MIDI kinaweza kupigisha ala za asili, na kama roboti ya namna hiyo inajengeka bila mtaji mkubwa. Inajengeka. Ninayo moja hapa Isevya, Tabora mjini: vipande 13 vya mninga na manyanga mawili, na kwaya yetu inafanya nayo mazoezi kila wiki. Nitaeleza kwa kirefu kwa sababu nilipoanza nilihangaika peke yangu, na nilikosea mahali pa kuweka nguvu: niliushughulikia umeme miezi miwili, mbao nikaipa siku moja. Ilipaswa kuwa kinyume.

Kwanza MIDI yenyewe, isikutishe. Ni makubaliano ya mwaka 1983, na waliohangaika zaidi mpaka watengenezaji wa vinanda wakakubali lugha moja ya vifaa vyao kuwasiliana ni Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani. Kwenye waya wa MIDI haipiti sauti hata kidogo, zinapita namba tu. Ukibonyeza noti, kinanda kinatuma namba tatu: ya kwanza inasema noti imebonyezwa na kwa chaneli ipi kati ya 16, ya pili ni noti ipi (0 hadi 127, ile do ya katikati ni 60), ya tatu ni nguvu ya kidole. Kasi ni biti 31,250 kwa sekunde, kwa hiyo ujumbe mzima unamalizika ndani ya milisekunde moja. Sikio lako halitaona uchelewaji huo. Uchelewaji utakaousikia unatoka kwenye chuma na mbao.

Kuzipokea namba hizo unahitaji Arduino Uno (bodi ndogo ya kompyuta unayoiandikia programu), optokapla ya 6N138 (chipu inayopitisha ishara kwa mwanga), rezista ya omu 220 (kizuizi cha umeme) na dayodi ndogo ya 1N4148 (inapitisha umeme upande mmoja tu). Kwenye plagi ya pini tano, zinazofanya kazi ni pini ya 4 na ya 5. Optokapla usiiruke: ndiyo inayotenganisha umeme wa kinanda na wa mashine yako, maana hutaki kuunguza kinanda cha kanisa. Na waya unaoingia pini 0 ya Arduino uuchomoe kila unapopakia programu, la sivyo itakataa na utadhani bodi imekufa.

Kuna jambo lilinisumbua wiki nzima. Nikipiga noti moja moja marimba inaitika. Nikipiga haraka haraka, noti zinapotea. Nilibadilisha waya, nikalehemu upya kila kiungo. Kumbe kinanda kikituma noti nyingi mfululizo za chaneli moja kinaruhusiwa kuacha ile namba ya kwanza na kutuma mbili tu, na programu yangu ilikuwa inasubiri tatu. Programu yako ikumbuke namba ya kwanza iliyopita na iendelee kuitumia. Vilevile, noti iliyotumwa kwa nguvu sifuri maana yake ni kwamba imeachiwa. Na namba kuanzia 248 kwenda juu ni za saa na za kuhakikisha waya uko hai. Hizo ziache zipite.

Sasa mbao. Hapa Tabora tuna bahati: kwa mafundi samani hukosi vipande vya mninga vilivyobaki kwenye vitanda na makabati. Chukua vilivyokauka barabara, mbao mbichi itakuhama sauti kila mwezi. Kipande changu cha kwanza nilikipigilia misumari kwenye ncha zote mbili. Nilipokigonga kilitoa "ko", kama mtu anabisha hodi.

Nilichofanya baadaye nawe ukifanye usiku wa leo, hakina gharama. Nilinyunyiza chumvi laini juu ya kipande kilicholala kwenye sponji, nikawa nakigonga katikati polepole, mfululizo. Chembe zikaanza kurukaruka, zikakimbia kutoka katikati, zikakimbia kutoka kwenye ncha, mwisho zikajipanga mistari miwili ya kukingama. Nikapima kwa rula. Kipande kilikuwa cha sentimita 40, na kila mstari ulikuwa karibu sentimita 9 kutoka nchani. Hapo ndipo mbao isipotikisika ikilia, na hapo tu ndipo unaruhusiwa kuishika. Nilikata tyubu ya baiskeli nyuzi mbili, nikazikaza kwenye fremu, nikakilaza kipande kwa mistari ile. Nikagonga. Safari hii kiliimba, na sauti ilining'inia mpaka mke wangu akachungulia kutoka jikoni kuuliza ni nini. Ukipiga hesabu ni asilimia 22.4 ya urefu kutoka kila ncha, kwa kipande chochote chenye unene ulio sawa.

Kurekebisha sauti ni kazi ya tupa na subira. Ukitaka ishuke, punguza mbao upande wa chini, katikati. Ikishuka kupita kiasi, punguza nchani itapanda. Kupata oktavu ya juu haihitaji kukata nusu: kwa unene uleule, kipande cha sentimita 40 ukikipunguza hadi 28 hivi umefika. Programu ya kupimia sauti kwenye simu inatosha.

Vinavyogonga ni solenoidi za volti 12, yaani koili yenye pini ya chuma inayorushwa umeme ukipita. Niliagiza Kariakoo zikaja na basi. Mwanzoni niliandika programu iwashe koili noti ikibonyezwa na iizime ikiachiwa. Kosa kubwa! Pini iliikandamiza mbao na kuinyamazisha, koili nayo ikachemka. Pini inatakiwa iguse na kukimbia. Kwa koili zangu, milisekunde 6 ni mguso wa upole na 18 ni pigo la nguvu. Ile namba ya tatu ya MIDI naigeuza kuwa muda kati ya hizo mbili. Kila koili ina tabia yake, kwa hiyo nina jedwali la kila moja ndani ya programu. Kichwani mwa pini nimebandika raba: soli ya ndala kwa vipande virefu, raba ngumu ya tairi kwa vifupi. Ukiweka ngumu kwenye virefu utasikia mgongano badala ya noti.

Pini ya Arduino isibebeshwe zaidi ya miliampia 20, na koili yangu inakula ampia nzima, kwa hiyo katikati weka transista, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo. Mimi natumia IRLZ44N, inafunguka vizuri kwa volti 5. Dukani waliwahi kunipa namba nyingine wakisema ni ileile; hiyo ilitaka volti 10, ikawa inafunguka nusu na kuniunguza vidole. Soma namba mwenyewe kabla ya kulipa. Kila koili ivalishwe dayodi ya 1N4007 kinyume, kwa sababu koili ikizimwa inarudisha umeme mkali nyuma. Nilipoteza bodi mbili kwa kudharau hili. Koili zipate umeme wake, Arduino wake, hasi zote ziungane.

Manyanga yanatikiswa na mota ya sevo (inayogeuka hadi pembe unayoiamuru), nayo ni mazito kuitika: yanalia kama milisekunde 120 baada ya amri. Wimbo ukitoka kwenye kompyuta, naichelewesha marimba kwa kiasi hichohicho na vyote vinaangukia pamoja. Mpiga kinanda akiwepo siwezi kufanya hivyo, atavurugikiwa, kwa hiyo manyanga tunampa mama mmoja wa sauti ya pili ayapige kwa mkono, na kusema kweli anayapiga vizuri kuliko mota.

Usinunue koili 13 kwa mkupuo. Tengeneza kipande kimoja, koili moja, noti namba 60, ukipige mpaka ukipende. Kisha niandikie hapa urefu, upana na unene wa mbao ulizopata, nitakupigia hesabu ya vipande vilivyobaki.