Plastiki imelainika kwenye asetoni: je, naweza kuifinyanga upya?

SWALI: Nilitumbukiza kwenye asetoni ile plastiki nyeupe nyepesi inayokinga televisheni ndani ya boksi, ikanywea papo hapo ikawa ute mzito. Vipande vya chupa ya maji havikuyeyuka. Kwa nini? Na je, nikiupasha moto huo ute asetoni ikatoka, naweza kuumimina kwenye kalibu nikatengeneza vyombo?

JIBU: Ndugu, kwanza kabisa usiupashe moto. Asetoni hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na unaweza kukutana na cheche mbali na ulipo wewe. Swichi ya taa inatosha.

Plastiki hiyo ni polistairini, na takriban asilimia 98 ya ujazo wake ni hewa. Asetoni hupenya kati ya minyororo ya molekuli na kuilegeza, hewa ikatoka. Minyororo yenyewe haikatiki, na ndiyo maana naipenda njia hii ya kurejeleza plastiki kwa kuiyeyusha: plastiki haihitaji kuundwa upya kuanzia mwanzo. Chupa ni ya PET, aina nyingine ya plastiki, ambayo minyororo yake imevutwa kiwandani ikajipanga kwa kubanana, asetoni haipati pa kupita. Ichunguze shingo ya chupa, ambayo kwa kawaida haivutwi. Huenda imegeuka nyeupe, dalili kwamba pale asetoni iliingia kidogo. Polithini, ile plastiki ya mifuko, nayo hutaka kiyeyushi kama zailini, tena cha moto.

Kuyeyusha ni kazi rahisi. Kazi ngumu ni kukitoa kiyeyushi. Ukimimina ute wako kwenye kalibu, juu utakauka na kufanya ngozi, asetoni itanaswa ndani, na kitu chako kitaendelea kusinyaa na kupinda kwa muda mrefu. Viwandani huchuja uchafu kwanza, kisha huongeza kimiminika kisichopatana na plastiki ili ijitenge, halafu huikausha na kukinasa kiyeyushi kwa kukikeneka, yaani kukigeuza mvuke na kuupoza uwe kimiminika, kitumike tena. Kikipotelea hewani, sioni faida iliyobaki kwa mazingira.

Hata huko kuna kikwazo. Kiwanda cha VinyLoop kule Ferrara, Italia, kiliyeyusha PVC, plastiki ya mabomba na nyaya, kuanzia 2002 na kufungwa 2018. Viambato vya kulainishia PVC viliyeyuka pamoja nayo, havikutengeka, na sheria za Ulaya zikawa zimevibana. Vivyo hivyo, kilichochanganywa kwenye plastiki yako kinaweza kubaki ndani yake, kwa hiyo vyombo vya chakula usifikirie kabisa.

Ute ulio nao uweke kwenye kopo la chuma lenye kifuniko, uandike kilichomo, uupeleke panapopokelewa taka za kemikali. Usiumwage kwenye sinki: maji yakikutana na asetoni, polistairini hujitenga na kuganda ndani ya bomba.