Andika na sifuri: kwa anayetaka kuhesabu mwewe Irente

Saa tano asubuhi, Irente. Ukungu umeshainuka, Mazinde inaonekana kule chini na mashamba ya mkonge yamenyooka kama mistari ya daftari, na angani hakuna kitu. Umekaa juu ya jiwe tangu saa tatu. Shingo imekaza. Hapo ndipo wengi ninaokaa nao hufunga daftari na kutafuta bodaboda ya kurudi Lushoto mjini. Nakuomba usilifunge. Andika kwanza: saa 4 hadi saa 5, sifuri.

Huu ni msimu wangu wa sita wa kujitolea kuhesabu ndege wawindaji wanaohama, kwenye ukingo huu wa Usambara, na kama kuna neno moja ningependa kuambiwa siku ya kwanza, ni hilo.

Wanaanza kuonekana Oktoba, na Novemba ndiyo yenye mambo. Huko walikotoka, Urusi na Kazakhstan, majani yanapukutika na baridi inawanyima chakula. Huku kwetu vuli inanyesha na kila kitu kinachipua. Tai wa nyika na wenzake wazito hawapigi mabawa safari nzima, wasingefika. Jua likipasha ardhi, hewa ya moto hupanda, nao huizunguka mabawa yamenyooka mpaka wanakuwa nukta, kisha huteleza kuelekea kusini hadi wakutane na hewa nyingine inayopanda. Ukuta wa mlima nao huwasaidia, maana upepo ukiugonga hauna pa kwenda ila juu. Ndiyo sababu kabla ya saa nne usitarajie makubwa. Bahari haina hewa ya namna hiyo, kwa hiyo ndege wazito huikwepa na kubanana kwenye njia za nchi kavu. Batumi, nchini Georgia, kati ya milima na Bahari Nyeusi, watu wa kujitolea wanahesabu tangu 2008, na kwa msimu mmoja hupita zaidi ya milioni moja. Irente si Batumi. Hapa siku nzuri ni ya makumi, na zipo siku za wawili.

Msimu wa kwanza niliandika 41 kwa asubuhi moja, nikarudi nyumbani na furaha isiyo kifani. Kesho yake, nikiwa palepale, mzee mmoja anayelima maharage chini ya njia akasimama kupumzika. Nikamwamkia, akaitikia, akatazama nilikoelekeza darubini.

"Mwanangu, na huyo unamwandika?"

"Ndiyo, babu."

"Huyo mwenye unyoya uliokatika bawa la kushoto ni wa hapa hapa. Mwezi mzima huu ananimalizia vifaranga."

Nikatazama tena. Pengo lilikuwepo kweli, kama la jino lililong'oka, na ndege yule alipita mbele yangu mara tano ndani ya saa moja. Wale 41 wangu walikuwa mwewe wachache wa hapa kijijini, wanazunguka. Niliukata ukurasa wote kwa mstari mmoja, nikaandika pembeni: haufai.

Tangu siku hiyo nina mstari wangu angani. Chagua alama mbili zisizohama, mti upande huu na ncha ya kilima upande ule, kisha uvute mstari kwa macho. Anayehesabiwa ni yule anayeuvuka kwenda kusini na asirudi. Kundi likiwa bado linapanda kwa kuzunguka usilihesabu, litakuchanganya tu. Subiri wafike juu kabisa waanze kuteleza mmoja nyuma ya mwenzake, hapo ndipo uwachukue. Wakija wengi usiondoe macho kwenye darubini. Mimi huweka punje za mahindi makavu mfuko wa kulia, na kila wakipita kumi nahamishia punje moja kushoto. Usiyemtambua mwandike "tai, hajulikani" na uendelee. Hakuna aibu hapo. Aibu ni kumpa jina la kukisia kisha mtu mwingine aje alitegemee.

Sasa nirudi kwenye sifuri. Huko Pennsylvania, Marekani, kuna mlima ambao watu walikuwa wakiupanda kila mwaka kuwapiga risasi mwewe wanaohama. Mwaka 1934 Rosalie Edge, mwanamke mtetezi wa ndege, aliukodi mlima huo, akamweka Maurice Broun kuulinda, na Broun akaanza kuhesabu. Ndio Hawk Mountain, na hadi leo wanahesabu. Enzi za DDT, dawa ya kuua wadudu, rekodi zile zilionyesha kwamba tai wenye vichwa vyeupe bado wanapita, lakini wachanga wao wanazidi kupungua. Mwandishi Rachel Carson alizitumia mwaka 1962 alipoonya juu ya dawa hiyo. Yaani ushahidi ulikuwa ni ndege ambao hawakupita! Kama Broun angeandika siku za neema peke yake, nani angejua?

Tai wa nyika tunayemngoja hapa Irente yumo kwenye orodha ya dunia ya walio hatarini kutoweka tangu 2015, na nyaya za umeme ni moja ya vitu vinavyomuua. Saa nzima ya kutazama bila kumwona ni habari inayomhusu, ili mradi umeandika saa, upepo ulikotoka na hali ya mawingu. Mawingu usiyaache. Anga la bluu tupu linaficha ndege wa juu, wingu jeupe linawaonyesha, na anayesoma daftari lako lazima ajue ulikuwa unatazama anga gani.

Kozi wa Amur ndio wanaonifanya nisishuke mapema. Wanatoka Siberia ya mashariki na kaskazini mwa China, na kutoka India wanaikata Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 3,000, ndege asiyefika hata robo kilo. Mwaka 2012 huko Nagaland, India, walinaswa kwa nyavu maelfu kwa maelfu. Mwaka uliofuata wanakijiji wenyewe wakakubaliana kuacha. Huku kwetu hawafuati ratiba ya tai. Watafute jioni mvua ikikatika na kumbikumbi wakitoka. Mara moja dume alipita karibu sana nami, chini ya bawa mweupe, miguu myekundu. Akamnyaka kumbikumbi kwa kucha, akaupeleka mguu mdomoni palepale hewani, na yale mabawa membamba ya kumbikumbi yakashuka taratibu hadi kwenye daftari langu.

Ya kubeba ni machache. Darubini ya 8x42 (inayokuza mara nane, lenzi ya mbele milimita 42) inatosha, na usiielekeze kwenye jua hata kidogo. Sweta, maji, viazi vya kuchemsha, kofia yenye ukingo. Kaa mbali na ukingo wa jabali, kwa sababu ukifuata ndege kwa darubini miguu nayo husogea bila wewe kujua; ndiyo maana mimi huhesabu nikiwa nimekaa. Ukikuta watoto wenye manati, wape darubini watazame kabla hujawaambia lolote.

Usiku huohuo ingiza hesabu yako eBird, tovuti ya kukusanya rekodi za ndege, pamoja na muda wote uliokaa, hata kama mahindi yote bado yako mfuko wa kulia.