Safu ya Tepe za Nishani za Kijerumani: Isome Kabla ya Kuinunua

Safu ya tepe ni ile mistari ya vitambaa vidogo ambayo askari huvaa kifuani badala ya nishani zenyewe. Ya kwanza niliyonunua Berlin ilikuwa na tepe mbili tu. Mmoja mweupe wenye mistari myeusi. Wa pili ni wa ule msalaba wa kumbukumbu ya Vita Kuu ya Kwanza ambao wengi huuita Msalaba wa Hindenburg, juu yake panga mbili ndogo zilizopishana. Muuzaji aliniapia kwamba ni ya askari wa mstari wa mbele. Nikalipa.

Nilikuwa nimetazama kutu na uchakavu, sikusoma. Ule mweupe ulikuwa wa Msalaba wa Chuma, nishani ya kijeshi ya Ujerumani. Msalaba huo wa 1914 ulikuwa na tepe za aina mbili: mpiganaji alivaa mweusi wenye mistari myeupe, asiyepigana akavaa rangi hizohizo zikiwa zimegeuzwa. Msalaba wa Hindenburg, ulioanzishwa 1934, ukiwa na panga ni wa waliopigana. Kwa hiyo utepe mmoja ulisema mtu huyu hakupigana, na wa pili ukasema alipigana! Kuna aliyeunganisha vipande vya watu wawili.

Tangu hapo nauliza kwanza: haya yanaweza kuwa maisha ya mtu mmoja? Kuwa mwangalifu pia na tepe za 1939, za Vita Kuu ya Pili. Msalaba wa Chuma una wekundu katikati na weusi kingoni. Msalaba wa Ustahili wa Vita ni kinyume chake, na wauzaji huichanganya kila siku.

Kisha ndiyo nageukia kitambaa. Chunguza pale utepe ulipokunjwa kwenda nyuma. Jua likipausha kitambaa kwa miaka mingi, sehemu iliyofichika hubaki na rangi kali. Utepe uliochovywa kwenye chai ili uonekane wa kale huwa na rangi ileile ya udongo mbele na nyuma. Mimi hutembea na taa ndogo ya urujuanimno (UV): uzi wa kisasa mara nyingi hung'aa buluu-nyeupe. Lakini usihukumu kwa taa peke yake, maana hata utepe wa kale uliofuliwa kwa sabuni ya leo unaweza kung'aa.

Swastika, alama ya Wanazi, isipokuwepo kwenye alama ndogo za chuma zinazobandikwa juu ya tepe, usikimbilie kusema bandia. Sheria ya Ujerumani Magharibi ya 1957 iliwaruhusu wakongwe kuvaa nishani zao bila alama hiyo, na safu nyingi zilitengenezwa upya. Hizo ni halali kabisa, ila usikubali kuzilipia bei ya vitu vya wakati wa vita.