Sheikh, kukaa kamati moja na pasta ni kutoka kwenye dini?

SWALI: Asalam aleykum sheikh. Mimi kijana wa Likoni, kakangu aliondoka nyumbani twaambiwa yuko Somalia, hadi leo hatujui yu hai ama la. Ndio nikaingia kamati ya amani ya mtaa, tuko na maimamu, mapasta na vijana wa kanisa. Sa wenzangu wa maskani wamenitoa kwa grupu ya WhatsApp, hata salamu hawaniitikii, wasema Maida Aya ya 51 yakataza kufanya urafiki na Manasara. Nitoke?

JIBU: Waaleykum salam warahmatullah. Usitoke mwanangu. Na pole sana, wewe na mamako, barua yako imeninyima raha tangu niisome.

Hio Aya ni maneno ya Mwenyezi Mungu na hatuipingi hata nukta, lakini hao wenzako mbona waruka? Sura hio hio, Aya ya 5, Allah ametuhalalishia chakula cha watu wa Kitabu na kuwaoa wanawake wao walio safi. Sa huyo mwanamke utalala nae nyumba moja, akuzalie, wanao wamuite mama, alafu iwe haramu kukaa na nduguye kwa viti vya plastiki mkizungumza vipi vijana wasiuane? Haingii! Kilichokatazwa ni kusimama na anaewapiga vita Waislamu dhidi ya Waislamu wenzako, na Mumtahana Aya ya 8 na 9 zimemaliza maneno, asiyekupiga vita kwa ajili ya dini wala kukutoa kwenu hukukatazwa kumfanyia wema na uadilifu. Huyo pasta amekutoa wapi? Mtume (SAW) kabla ya utume alihudhuria Hilful Fudhul nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, watu wa Makka wakiapa kumsimamia aliyedhulumiwa, na baada ya utume akasema lau angeitwa kwa mkataba kama ule angeitikia. Wao wamjua Allah kumshinda yeye?

Pengine ni wadogo, hawakuiona Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilipovamiwa, watu wa bara wakauawa, nyumba zikachomwa, maelfu wakakimbilia kanisa la Katoliki na watoto na magodoro. Fitna ile ndio iliyowasukuma viongozi wa dini wa Pwani hadi wakaunda CICC, baraza la viongozi wa dini mbalimbali wa Pwani, na masheikh wetu wa CIPK, baraza la maimamu na wahubiri wa Kenya, wamo. Na Disemba 2015 kule Mandera, wauaji walisimamisha basi wakataka abiria wajitenge kwa dini, Waislamu wakakataa, kina mama wakawapa Wakristo mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku ile, akafa mwezi uliofuata. Nani atathubutu kumwambia huyo alitoka kwenye dini?

Mpaka upo lakini. Pasta akiomba kwa jina la Yesu wewe nyamaza kwa adabu, usiitikie amina, na mwambie mapema kabla ya kikao muelewane kila mtu aombe kivyake. Ibada hatuchanganyi. Chai na mahamri yao kunywa.

Linalonitia hofu zaidi ni huo upweke wako, manake wale waliomchukua kakako hutafuta kijana aliyetengwa kama wewe sasa. Usikae peke yako. Hao marafiki endelea kuwatolea salamu hata wasipoitikia, na waambie Ijumaa baada ya Isha waje msikitini kwangu na msahafu wao tusome Maida kuanzia mwanzo, sitawafokea. Na mamako mwambie nitakuja na mke wangu kumuona, kama kamati yenu haijapeleka habari za kakako kunakohusika tulizungumze siku hio, inshallah.

Wallahu aalam.